"Play" ya Kiingereza, mikono ya Kichina

Wachina ninaowafundisha Kiingereza jioni ni watu wazima. Jumatatu moja mhandisi mmoja, baba wa watoto wawili, aliniambia Jumapili yake ilikuwa nzuri: "I played with my friends." Nikamuuliza walicheza nini. Akabaki kunitazama. Hawakucheza kitu, walikula, wakapiga soga, kila mtu akarudi kwake.

Chanzo ni neno la Kichina "wán". Kamusi ikishakwambia "wán" ni "play", umekwisha. Mtoto akicheza ni "wán", mtu mzima akistarehe na wenzake ni "wán", na kuchezea simu ni "wán shǒujī". Ukiambiwa "lái wǒ jiā wán" umekaribishwa nyumbani tu, hujaitwa kombolela. Kwa Kiingereza, mtu mzima asipoutaja mchezo wenyewe husikika kama mtoto wa chekechea. Nikampa "hang out", akaiandika mara tatu.

Ukigeuza upande, mambo yanakuwa matamu zaidi. Pale Kiingereza kinapotosheka na "play" moja, Kichina kinatazama viungo vinafanya nini. Mpira wa kikapu ni "dǎ", yaani kupiga. Wa miguu ni "tī", kupiga teke. Piano na gitaa ni "tán", kazi ya vidole. Fidla ni "lā", kuvuta, na kweli tazama ule mkono wenye upinde! Filimbi ni "chuī", kupuliza. Chesi ni "xià", kushusha kete. Kuweka wimbo usikike ni "fàng", na tamthilia ni neno jingine kabisa.

Mimi Mswahili sishangai sana. Gitaa tunapiga, hatulichezi. Ngoma waweza kuipiga au kuicheza, na ni mambo mawili. Hiyo "dǎ" nayo ni kama pacha wa "piga": "dǎ diànhuà" ni kupiga simu, "dǎ pēntì" kupiga chafya, "dǎ hāqian" kupiga miayo.

Kinachowatesa zaidi, kusema kweli, ni kile kijineno "the". "Play football", lakini "play the piano". Kichina hakina kitu cha namna hiyo, nasi hatuna, kwa hiyo nawaambia wakariri tu.

Wiki iliyofuata mhandisi wangu akaanza: "On Sunday I played..." Akasita, akanitupia jicho, akamalizia: "...cards." Nikamuuliza nani alishinda.