Namba moja ya simu kwa wakulima wote

Karani wa chama kimoja cha ushirika huku Rungwe alitupigia simu Jumatano asubuhi, sauti imemkauka. Mkulima mmoja alikuwa amebadili laini, naye akaandika kwenye MySQL, programu ya hifadhidata inayotunza orodha yao:

UPDATE wakulima SET simu = 'namba mpya';

Akabonyeza enta, na orodha nzima ya wakulima ikawa na namba ile ile moja.

Hifadhidata haikukosea. Iliambiwa ibadili simu bila kutajiwa ya nani, ikabadili zote. Kilichokosekana ni WHERE, sehemu inayotaja mstari upi uguswe, na DELETE (amri ya kufuta) bila WHERE ni balaa zaidi.

Ndiyo maana makarani tunaowafundisha huanza na SELECT, ambayo inasoma tu. Uliza kwanza: WHERE jina = 'Mwakyusa' inaleta watu wangapi? Kwa Rungwe, nusu kijiji! Tumia namba ya uanachama, ambayo haijirudii: WHERE namba = 417. Ukiona mstari mmoja, na ni wa mtu unayemtaka, nakili WHERE hiyo hiyo, usiiandike upya, uipeleke kwenye UPDATE.

Kisha fungua muamala, yaani kipindi ambacho badiliko bado linaweza kutenguliwa:

START TRANSACTION;
UPDATE wakulima SET simu = 'namba mpya' WHERE namba = 417;

Soma jibu. Likisema mstari 1 umebadilika, andika COMMIT ili badiliko lithibitishwe. Likisema 300, andika ROLLBACK, na yote yanarudi yalivyokuwa. Hata umeme ukikatika kabla ya COMMIT (na Mbeya tunaujua), badiliko hilo halihesabiki. Ila usifungue muamala ukaenda kunywa chai, maana mwenzako anayetaka kugusa mstari huo huo atakaa akisubiri.

Bila START TRANSACTION, MySQL huthibitisha kila amri papo hapo, na ROLLBACK inayokuja baadaye haina cha kurudisha. Majedwali ya zamani ya MyISAM (moja ya njia za MySQL za kuhifadhi data) hayajui muamala kabisa, yahamishie InnoDB, njia inayoujua. Anayeanza kazi na awashe SET sql_safe_updates = 1, ili MySQL ikatae UPDATE au DELETE isiyo na WHERE yenye ufunguo (safu ambayo MySQL huitumia kutafuta mstari, kama namba ya uanachama), wala LIMIT, yaani kikomo cha mistari.

Yule karani alikuwa na nakala ya Ijumaa kwenye flashi, tukarudisha namba kutoka humo. Wakabaki waliosajiliwa Jumatatu na Jumanne. Hao hawakuweza kupigiwa simu, maana namba zao ndizo zilizopotea. Alipanda bodaboda akawafuata vijijini, mmoja mmoja.