Je, pesa iliyoingia kwa makosa katika akaunti yako ni ya nani?

Kwa miaka mingi nilikuwa na jibu langu, na nikilitetea kwa sauti kwenye baraza la kahawa: pesa ya kuletwa na kosa la mtu ni kama kitu cha kuokota. Nangoja mwaka, mwenyewe asipotokea, yangu. Hoja ilinoga kwa sababu ina asili. Vitabu vya fikihi, yaani sheria ya Kiislamu, vina mlango mzima wa lukata, mali iliyookotwa, na mwaka wa kuitangaza umo kweli.

Ila nilisoma nusu. Lukata ni mali ambayo mwenyewe hajulikani: bangili iliyodondoka Forodhani. Pesa ya benki haidondoki. Ina tarehe, tawi na akaunti ilikotoka; mwenyewe yumo kwenye karatasi hata kama wewe humjui. Na hata huyo mwokotaji, wanavyuoni wengi wanasema mwenyewe akija baada ya mwaka, amlipe. Mzee mmoja pale barazani alinizima kwa maneno mawili: "Hujaokota. Umeandikiwa."

Kuandikiwa ndiko penye siri. Chukua duka la Chake Chake ambalo wateja humwachia mwenye duka pesa zao. Noti zote zinaingia droo moja. Hakuna bahasha ya Mwanaasha wala ya Khamis. Kila mmoja ana ukurasa tu daftarini, na ukurasa ule ni deni: Mwanaasha anamdai mwenye duka laki tatu, Khamis elfu kumi. Benki ni duka hilo hilo. Sasa aje mtu kumwekea Mwanaasha laki mbili, ataje ukurasa wa Khamis. Khamis hajashika hata noti moja, lakini leo anaweza kuondoka na mchele wa laki mbili. Kama aliyekosea ni mwenye duka, aghalabu hufuta mstari wake akauandika panapostahiki. Kama ni mteja, pana uzito: mwenye duka aliandika alichoambiwa. Kwa kawaida benki humwomba Khamis ridhaa, na akikataa hubaki mahakama.

Si ya Kadhi, ambayo kazi yake ni ndoa, talaka, mirathi na mfano wa hayo. Benki ni jambo la Muungano, lakini mikataba Zanzibar ina sheria yake, yenye asili ya ile ya India ya 1872. Kifungu cha 72 cha India hakina maneno mengi: aliyelipwa kwa makosa arudishe. Mfano wake ni wa rupia 100 zilizolipwa mara mbili kwa deni moja, na rupia ilikuwa sarafu ya Zanzibar mpaka miaka ya 1930.

Uzembe wa mlipaji nao haumpokonyi haki. Mahakama ya Uingereza ilishasema hivyo mwaka 1841. Aliyezitumia kwa nia njema alipata utetezi huko mwaka 1991, ila kifungu cha 72 hakiutaji, kwa hiyo asiuegemee sana.

Kioja nilichokipenda ni cha huko huko, miaka ya 1980. Askari polisi wa kike alizidishiwa mshahara kwa pauni 74.74, ukaingia benki moja kwa moja, naye akashtakiwa kwa wizi. Aliiba nini, na noti hakuna? Jaji aliamuru aachiwe. Mahakama ya Rufaa, ilipoulizwa baadaye ili kufafanua sheria tu, bila kumgusa yeye, ikajibu kwamba wizi unawezekana: kinachoibwa ni lile deni ambalo benki inadaiwa na mwenye akaunti.