Hekalu na ngome ya ziwani ya Waslavi: maana yake

Kaskazini-mashariki mwa Ujerumani ya leo, nchi yenye maziwa mengi, waliishi makabila ya Waslavi ambayo hadi karne ya 12 hayakuwa yameingia kikamilifu katika Ukristo. Kila mkuu alijenga ngome yake ya duara kwa udongo na magogo, na mara nyingi aliiweka kisiwani au kwenye rasi, kwa sababu maji yaliizunguka na kuilinda bila gharama ya handaki. Tukisema "ngome ya ziwani", basi, tunamaanisha boma dogo la namna hiyo, lililounganishwa na nchi kavu kwa daraja la mbao. Hekalu lilikuwa nyumba ya ibada ya jamii iliyoishi ng'ambo ya daraja hilo au jirani yake. Waandishi wa Kikristo wa zama zile waliiita dini hiyo upagani; ni jina la wapinzani, na wenyeji hawakuacha maandishi ya kutuambia wao waliiitaje.

Mfano ulio wazi zaidi ni Groß Raden, karibu na mji wa Sternberg katika jimbo la Mecklenburg-Vorpommern, makazi ya Wawarnovi, kabila dogo katika shirikisho la Waobodriti. Mwanaakiolojia Ewald Schuldt alipachimba kuanzia mwaka 1973 hadi 1980. Kwenye rasi alikuta kijiji cha karne ya 9 na ya 10, na mbele yake, katika kisiwa kidogo, ngome ya duara yenye kipenyo cha takriban mita 50. Mbao kwa kawaida huoza na kupotea, lakini hapa udongo uliojaa maji ulizinyima mbao hewa, na hivyo misingi ya nyumba, njia na kuta ikabaki mahali pake kwa zaidi ya miaka elfu moja.

Hekalu lenyewe lilikuwa jengo la mstatili, lenye upana wa mita 7 hivi na urefu wa mita 11 hivi. Ukuta wake wa nje ulifunikwa kwa mbao zilizosimamishwa wima, na ncha za juu za mbao hizo zilichongwa mfano wa kichwa cha mtu, kichwa kisicho na macho wala mdomo, mabega yakionekana kwa mkato tu. Aliyesogea karibu alijikuta akitazamwa na safu nzima ya watu wa mbao. Kwangu mimi hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote mahali hapa, kwani ukuta wenyewe ulikuwa sehemu ya ibada.

Katika eneo la hekalu yalipatikana mafuvu ya farasi na vichwa vya mikuki. Vitu hivyo vinafahamika vizuri zaidi tukimsoma Thietmar, askofu wa Merseburg aliyefariki mwaka 1018, aliyeeleza hekalu la Waslavi wengine, Waredari. Anasimulia kwamba makuhani walipotaka kujua matokeo ya jambo, walimwongoza farasi mtakatifu apite juu ya mikuki miwili iliyopishanishwa ardhini, na hatua zake zikasomwa kama ishara. Habari hiyo haithibitishi kwamba huko Groß Raden ilifanyika vivyo hivyo, ila inaonyesha kwa nini farasi na mkuki vikutwe pamoja mahali pa ibada.

Tusilidhanie hekalu hili kuwa na paa kubwa na sanamu katikati, kama jumba lililojengwa upya katika makumbusho ya wazi yaliyofunguliwa hapo mwaka 1987 linavyoweza kutufanya tuamini. Wataalamu wengine wanaliona kuwa ua mtakatifu usioezekwa. Sanamu kubwa ya mungu tunaisoma kwingine, huko Arkona katika kisiwa cha Rügen, ambako mungu Svantevit aliabudiwa ndani ya ngome iliyokaa ukingoni mwa jabali juu ya bahari, mpaka Wadani wa Mfalme Valdemar wa Kwanza walipoiteka mwaka 1168, wakaiangusha sanamu hiyo na kuikatakata.