Sigara, shisha na operesheni ya kupunguza uzito: maswali ya wagonjwa na majibu yangu

Nafanya kazi na wagonjwa wanaojiandaa kwa operesheni ya kupunguza uzito na wale ambao wameshafanyiwa, na kuna kitu nimechoka kukiona. Mtu anaacha sigara kwa ajili ya operesheni, anapungua vizuri, nguo zinampwaya, kila mtu anamsifia, afu mwaka wa kwanza haujaisha analetwa usiku kashikilia tumbo hawezi hata kunyooka. Ukimuuliza vizuri unaambiwa "nilirudia kidogo tu". Kwa hiyo naomba msome mpaka mwisho, hasa hilo swali la kurudia.

Hiyo operesheni yenyewe ni ipi?

Zinazofanyika sana ni mbili. Slivu, hapo sehemu kubwa ya mfuko wa chakula inakatwa na kutolewa, kama robo tatu hivi au zaidi, kinabaki kijimfuko chembamba. Baipasi, hapo wanatengeneza kimfuko kidogo cha kama mililita 30 na kukiunga moja kwa moja na utumbo mwembamba. Puto ni kitu kingine, linaingizwa kwa mdomo mpaka tumboni na baadae linatolewa, hakuna kukatwa. Hapa Tanzania hospitali ya Mloganzila, Dar es Salaam, wanafanya, Nairobi wapo wanaofanya, na wengine wanapanda ndege kwenda Uhindi au Uturuki. Cha kukumbuka ni kwamba ndani yako kunabaki mstari mrefu wa pini za kushonea palipokatwa, na kwa aliyefanyiwa baipasi kunabaki pia kiungio, yani pale kimfuko kilipoungwa na utumbo. Huo mstari na hicho kiungio ndo sigara inavitafuta.

Si sigara inaharibu mapafu, tumbo linahusikaje?

Kidonda kinapona kwa damu. Nikotini inabana mishipa midogo ya damu, kwa hiyo damu inayofika pale palipokatwa inakuwa kidogo, na hata hiyo kidogo inayofika haina oksijeni ya kutosha kwa sababu moshi una hewa ya kaboni monoksidi ambayo inang'ang'ania chembe nyekundu za damu kuliko oksijeni, yani ni kama daladala imejaa watu wasioshuka, abiria wako anabaki kituoni. Sehemu isiyopata damu haiungi vizuri, inaweza kuachia, uchafu wa tumbo ukamwagika ndani, na hapo tunazungumzia kurudi chumba cha operesheni na ICU, chumba cha wagonjwa mahututi. Ongezea na mapafu, mvutaji anaamka kutoka kwenye usingizi wa dawa na makohozi yake, anashindwa kukohoa sababu tumbo linauma, nimonia inaingia. Na damu kuganda kwenye miguu, uzito mkubwa peke yake tayari unaongeza hatari hiyo, ukiweka sigara juu yake unaizidisha.

Niache lini?

Leo. Najua mnataka namba, haya, angalau wiki 6 kabla ya operesheni, na miongozo ya madaktari wa fani hii inasema ikiwezekana iwe mwaka mzima. Sio usiku wa kuamkia operesheni! Kuna mtu anakuja kalazwa, anaoga, anavaa gauni la hospitali, na harufu ya sigara ya mwisho bado iko kwenye vidole. Ukiwa unasubiri tarehe, unasubiri pesa zitimie, unasubiri bima ijibu, huo ndo muda wenyewe wa kuacha, usingoje tarehe itoke.

Wanaosafiri nje nawaonea huruma zaidi, kwa sababu kila kitu kinaenda haraka, tiketi ishakatwa, malipo yashatumwa, fomu unajaza kwenye simu na pale walipouliza unavuta unabonyeza hapana ili usichelewe. Afu unafanyiwa, unapanda ndege masaa kibao miguu imekunjwa siku chache baada ya operesheni. Mvutaji katika hali hiyo anajiweka kwenye hatari ya damu kuganda kuliko anavyodhani.

Mimi sivuti sigara jamani, ni shisha tu wikiendi.

Basi unavuta. Hili jibu nalisikia karibu kila kliniki, hasa kwa akina dada, na anasema kwa uhakika kabisa "sivuti", nikiuliza shisha je, anacheka, "aah hiyo ni ya matunda". Hakuna tunda pale. Ni tumbaku imewekewa ladha, inachomwa na mkaa, na mkaa wenyewe unaongeza kaboni monoksidi. Maji hayachuji sumu, yanapooza moshi tu ndo maana unavuta mwingi bila kukohoa. Shirika la Afya Duniani linasema kikao cha saa moja cha shisha kinaweza kukuvutisha moshi mara 100 mpaka 200 ya moshi wa sigara moja. Tanzania shisha ilipigwa marufuku mwaka 2016, Kenya mwisho wa 2017, na bado watu wanaipata na wanapiga picha nayo.

Na vepu, ile sigara ya umeme, je? Ina nikotini, na mara nyingi ni nyingi tu. Ugoro, kuberi ya kuweka mdomoni, tumbaku ya kutafuna? Nikotini tupu, mishipa inabanwa vilevile. Wazee wangu wa ugoro msijifiche nyuma ya kusema haina moshi. Ukiulizwa na daktari unatumia tumbaku, taja vyote, hata cha kwenye sherehe.

Nikisema ukweli si watanifutia operesheni?

Kwa kawaida watakusogezea tarehe, hawatakufutia. Kusogezewa miezi miwili ni kitu kidogo sana ukilinganisha na tumbo kuvuja. Halafu kuna kipimo, kinaitwa kotinini, ni kitu mwili unachotengeneza ukishapata nikotini, kinaonekana kwenye mkojo au damu siku kadhaa baada ya kuvuta. Sehemu nyingi wanakipima kabla ya operesheni. Kwa hiyo ukidanganya unaweza kukamatwa, na usipokamatwa ni wewe utakayelala kwenye kile kitanda sio daktari.

Naelewa lakini kwamba kuna wengine hawawezi kusema kwa sababu wamekuja na mume, au mama mkwe kakaa pembeni anasikiliza kila kitu. Dada, omba kuongea na nesi au daktari peke yako, useme tu unataka kupimwa, tutamtoa mtu nje kwa heshima na siri yako inabaki pale. Nawaomba pia wenzangu watoa huduma tuache kuuliza swali hili mbele ya ndugu, halafu tukiandika "havuti" tunadhani tumefanya kazi.

Nimefanyiwa miezi sita iliyopita, kidonda kimepona kabisa. Naweza kurudia?

Hapana.

Hata moja moja?

Hapana. Naomba nieleze kwa nini maana watu wanadhani ni ukali tu. Unachokiona kwa nje, vile vialama vidogo kwenye ngozi, ndo vimepona. Kiungio cha ndani hakifikii siku ambayo sigara inakuwa salama kwake. Kwa mtu wa baipasi, utumbo mwembamba umeungwa mahali ambapo asidi ya tumbo inafika, na utumbo huo haukuumbwa kuvumilia asidi. Damu ikipita vizuri unajitahidi. Ukivuta, damu inapungua, kinga inashuka, kidonda kinachimbika palepale kwenye kiungio. Kinaweza kutokea mwezi wa pili, kinaweza kutokea mwaka wa tano. Kinaweza kuvuja damu, kinaweza kuziba njia ya chakula ukawa unatapika kila kitu, kinaweza kutoboka. Kikitoboka ni operesheni ya dharura, na mtu anaweza kufa, nasema hivo bila kuzunguka.

"Lakini mi nilifanya slivu." Bado hapana. Slivu inaleta kiungulia kwa watu wengi, na sigara inalegeza ile valvu ya juu ya mfuko wa chakula, asidi inapanda mpaka kooni usiku. Wengine kiungulia kinakuwa kikali mpaka inabidi wabadilishiwe waende baipasi, na baipasi kwa mtu anayevuta tumeshaona habari yake.

"Lakini fulani anavuta na yuko fiti." Hapana. Yuko fiti mpaka leo, ya kesho hajui yeye wala mimi.

"Lakini stresi." Hapa ndo pagumu na nawaelewa kweli. Chakula kilikuwa kinakuliwaza, sasa hivi ukila vijiko vichache umeshiba, faraja yako imeondolewa, na mkono unatafuta kitu kingine. Wengi hawarudii kwa sababu ya ubishi, wanarudia kwa sababu hiyo. Na pombe inachangia, kwa sababu baada ya baipasi pombe inapanda kichwani haraka kuliko zamani, bia moja tu na yule aliyeapa ashaomba sigara meza ya jirani. Ongea na mtu kabla, rudi kliniki useme "nimeanza kutamani", hatutakucheka wala kukusema. Mimi ninayemkasirikia ni yule anayekuja akiwa ameshatoboka, na hata yeye simkasirikii, naumia tu.

Tumbo linachoma chini ya chembe ya moyo, nimenunua magnesiamu na omeprazoli dukani. Inatosha?

Haitoshi, njoo. Ucheleweshaji huu ndo unaotuumiza. Mtu aliyefanyiwa operesheni hii akipata maumivu anasema "ni gesi", "ni vidonda vyangu vya zamani", anakunywa dawa ya duka wiki mbili, tatu, mwezi, na sigara anaendelea, na mbaya zaidi anapewa diklofenaki au ibuprofeni ya kutuliza maumivu ambazo kwa mtu wa baipasi zenyewe zinachimba kidonda. Ukienda duka la dawa lazima useme mwenyewe kwa mdomo wako: nilifanyiwa operesheni ya tumbo, sitakiwi diklofenaki wala ibuprofeni.

Na kuna mtego mmoja wa kinyesi cheusi. Wengi mnakunywa vidonge vya madini ya chuma, na vinafanya kinyesi kiwe cheusi, kwa hiyo ukiona cheusi unasema ni vidonge. Kinyesi chenye damu ni cheusi cha kung'aa, kinanata kama lami, kinanuka vibaya isivyo kawaida, na unaweza kusikia kizunguzungu. Usikae nyumbani kujadili na jirani ni kipi, njoo tukupime wingi wa damu na tuangalie ndani kwa kamera inayopitishwa mdomoni. Maumivu makali ya ghafla, tumbo gumu, kutapika damu au kutapika kusikokoma, hiyo ni dharura ya muda huohuo, hata kama ni saa nane usiku. Na kama ndo kwanza una siku au wiki chache tangu operesheni, ukiona homa, unapumua kwa shida, bega la kushoto linauma au mapigo ya moyo yamezidi 120 kwa dakika na umekaa tu, usisubiri kliniki ya Jumatatu.

Nikiacha sigara si nitanenepa, wakati nimetumia hela kupungua?

Ni kweli watu wanaoacha huongezeka, wastani ni kilo 4 au 5 kwa mwaka wa kwanza. Lakini hizo ni za mtu wa kawaida, wewe una operesheni inayokushusha kilo nyingi kuliko hizo. Sigara sio dawa ya kupunguza uzito, na hakuna daktari atakayekubali kiungio kitoboke ili ubaki na kilo nne pungufu.

Kuna dawa za kusaidia kuacha?

Zipo. Stika za nikotini za kubandika kwenye ngozi, bigijii za nikotini, na vidonge vya vareniklini na bupropioni, vyote hivi Shirika la Afya Duniani limeviweka kwenye orodha ya dawa muhimu. Havipatikani kila duka na bei inauma, uliza hospitali mapema. Vareniklini kwa kawaida unaanza wiki moja kabla ya siku ya kuacha na unaendelea wiki 12. Bupropioni haimfai mwenye kifafa. Stika na bigijii zina nikotini, zitaonekana kwenye kipimo cha kotinini na bado zinabana mishipa kiasi, kwa hiyo zitumie mwanzoni ukiwa mbali na operesheni na daktari wa upasuaji ajue, na bigijii baada ya operesheni usitafune bila kuulizia.

Hata bila dawa watu wanaacha. Siku tatu za kwanza ndo mbaya, hasira, kichwa, usingizi unakata, wiki mbili mpaka nne inapungua. Ile hamu ikija inakaa dakika chache tu, toka nje, piga simu, kunywa maji kidogo kidogo. Waambie wa nyumbani wasivutie ndani, na asiyeweza kuacha akavutie mbali na wewe.

Nimesharudia tayari, miezi mitatu sasa. Naona aibu kurudi hospitali.

Rudi wiki hii. Sema unavuta nini na kwa siku mara ngapi, sema dawa za maumivu ulizokunywa, taja kama ulishawahi kutibiwa H. pylori, bakteria wanaoleta vidonda vya tumbo, maana hao nao ni wengi huku kwetu. Utapewa dawa ya kupunguza asidi, tutaamua kama unahitaji kamera, na tutapanga siku ya kuacha upya. Kidonda cha kiungio kikikutwa mapema na mtu akaacha tumbaku kweli, wengi kinafunga kwa dawa bila kisu. Akiendelea kuvuta, kinagoma au kinarudi palepale hata tumpe dawa gani.