Nguo Imerudi. Imerudi Wapi?

Wiki iliyopita gauni la kitenge lilitua mezani kwangu, juu ya kitambaa cha mtu mwingine nilichokuwa nakichora chaki. "Fundi, umenikata kidogo. Nimelivaa mara moja, nimelifua mara moja, halipiti." Halafu likafuata lile ninalolisikia kila msimu wa korosho, pesa za mnada zikishaingia na akina mama wa Newala na Tandahimba wakishuka Mtwara mjini kushonesha: "Na kitambaa chenyewe kilikuwa kizuri, kigumu kabisa!"

Kigumu. Ngoja niliandike hapa, atakayeniuliza tena nimtumie asome mwenyewe.

Ule ugumu unaousikia dukani ni wanga. Nasema wanga wa chakula, siyo wale wa usiku. Nikipika uji wa muhogo mwepesi, nikauchuja, nikachovya shuka lililochakaa na kulipiga pasi, utalishika na kusema hili ndilo lenyewe. Ukitaka kujua kitambaa chako, chukua pembe uifikiche kama unafua, hapo hapo mbele ya muuzaji, akinuna mwache anune. Kikilegea na kukuachia vumbi jeupe kwenye vidole, ulikuwa unanunua uji. Kisha kiinue kwenye mwanga uangalie nyuzi zilivyosongamana. Hizo ndizo zitakazobaki baada ya kufua.

Huku kwetu hatulimi pamba, kwa hiyo kutoijua simlaumu mtu. Ya nchi hii inatoka Simiyu, Shinyanga, Mwanza. Sisi ni watu wa korosho, na wazee wa Umatumbi kule Nandete waliing'oa miche ya pamba ya Mjerumani mwaka 1905, ikawa vita ya Maji Maji. Ninachoshindwa kuelewa ni hiki: mama yule yule anayegomba kwangu, akinunua kanga ya mbeleko, anailoweka kwanza. Anajua kanga mpya inateleza, mtoto hakai, fundo linafunguka, na ukijitanda inashuka mabegani. Anailoweka usiku kucha, anaifua, inalainika, ndipo anaitumia. Wala haulizi inarudi kiasi gani, maana kanga haina zipu. Lakini kitenge akikileta kwangu, nikimwambia nikiloweke, anashtuka: "Usikiloweshe fundi, kitachakaa!"

Nguo ikipungua kwa kufuliwa Kiswahili kinasema "imerudi", na watu wanalitamka neno hilo bila kulisikia. Inarudi wapi? Kwenye kimo chake. Pale kwenye mtambo wa kufumia, nyuzi za mtande, zile za urefu, huvutwa zikakaza, mshindio, ule uzi wa upana, ukapita juu na chini yake. Kitambaa kikitoka hapo kinaoshwa, kinachapwa maua, kinakaushwa, na safari yote hiyo kinavutwa kwa urefu, mpaka wanga unakuja kukigandisha kikiwa kimenyooka hivyo hivyo. Umenunua kitambaa kilichosimamia vidole. Siku kikipata maji, wanga unatoka, uzi wa pamba unakunywa na kunenepa, na uzi ulionenepa unamlazimisha mwenzake auzunguke kwa mkunjo mkubwa zaidi. Kitambaa kinashusha visigino.

Niliwahi kukata mraba wa inchi 20 kwa 20 kwenye kitenge kimoja, nikaufua na kuuanika. Urefu ulirudi inchi 1 kamili, upana hata robo haukufika. Sasa piga hesabu. Gauni la inchi 56 linapoteza karibu inchi 3. Kitenge cha yadi 6 ni inchi 216, kwa hiyo ukikilowesha nyumbani unapungukiwa karibu inchi 11, na fundi bado hajashika mkasi. Nani kaiba?

Umeona lakini, urefu ndio uliorudi. Hapa ndipo ninapokorofishana mpaka na mafundi wenzangu. Mtande unakwenda sambamba na ukingo, ule wenye maandishi. Nikikata gauni lako likifuata ukingo, likirudi linakuwa fupi: lilikuwa linafagia sakafu, sasa linagusa kifundo, wengi hawatambui. Tatizo linaanza mteja akisema, "Fundi, nataka maua yasimame." Vitenge vingi michoro yake imelalia upande, na kuyasimamisha maua ni lazima nikigeuze kitambaa nikikate kwa upana. Maana yake ule mtande, wenye tabia ya kurudi, sasa unakuzunguka kiunoni. Hipsi zako ni 42, nimekuachia nafasi ya inchi 2, gauni ni 44. Likirudi kama ule mraba wangu linabaki chini kidogo ya 42. Mwili wako haujabadilika, hukula sana kwenye sherehe, wala mimi sikukupunja. Uliyasimamisha maua.

Fundi anayekata kwa upana bila kulowesha na bila kumwambia mteja, huyo mgombezeni, niko upande wenu.

Bitana ni haraka haraka tu: ya polista hairudi, kitenge kinarudi, ndiyo maana baada ya kufua bitana inachungulia chini ya pindo kama shimizi. Gamu ya kola, kile kitambaa kigumu cha kubandika ndani, nayo inatoka mapovu kwa sababu hiyo hiyo. Tuendelee.

Kuna mjanja ataniambia basi anunue kitambaa kisichorudi. Vipo. Chomoa uzi mmoja, uuchome kwa kiberiti. Ukinuka karatasi na kuacha jivu laini, ni pamba. Ukiyeyuka, ukajikunja na kuacha kidonge kigumu cheusi, ni polista, na kweli haitarudi. Lakini polista hainywi maji, na jasho ni maji. Vaa hilo Mtwara mwezi wa Desemba, saa nane mchana, ndani ya turubai la sherehe ya mwali, halafu uje tuongee. Newala kule juu kwenye baridi labda utavumilia.

Sasa na mimi niseme yangu, maana mafundi tuna mdomo.

Kulowesha mara moja hakumalizi. Kuna vitambaa vinarudi kidogo tena mara ya pili, na kuna vilivyonidanganya kabisa. Ule mraba wangu wa inchi 20 sikuapii kwamba kitenge cha duka la jirani kitafanya vile vile. Halafu kitenge kilicholoweshwa kinapoteza ule mng'ao, na pasi haiurudishi wote. Mteja mmoja aliona chake kimelegea akasema nimembadilishia. Tangu siku hiyo nakata kipande cha pembeni nakibakiza kikavu, ushahidi. Na sare za sherehe za kuvaliwa siku moja? Siloweshi. Watu wanataka kung'aa kwenye picha, nami nataka kumaliza magauni 15 kabla ya Ijumaa.

La mwisho nalisema kwa aibu. Lile gauni ninalolikumbuka zaidi kati ya yote "yaliyorudi" halikurudi. Nilisoma tepu vibaya, nikaandika 36 badala ya 38, na mteja alipolalamika nikasingizia maji. Aliamini. Kwa hiyo mteja akinitazama kwa jicho la shaka, najua tumelitafuta wenyewe.

Siku hizi ukikataa kulowesha naandika kwenye daftari "kikavu" mbele ya jina lako, unaweka sahihi. Na kimyakimya, kwenye mishono ya ubavuni, nakuachia nyama, yaani kitambaa cha akiba ndani ya mshono, ya inchi nzima badala ya nusu, kila upande.

Ndivyo nilivyofanya kwa yule mama wa wiki iliyopita. Nilimwonyesha daftari, akaangalia sahihi yake kama ya mtu mwingine. Nikachukua wembe, nikafumua ubavu wa kulia na wa kushoto, nikatoa nusu inchi kwa kila kipande, jumla inchi 2, nikapiga mshono mpya na pasi. Akalivaa nyuma ya pazia. Likapita, zipu ikapanda bila kusukumwa. Akatoka, akajigeuza mbele ya kioo, akaniangalia.

"Ahaa," akasema, "kumbe kitambaa kilikuwepo. Ulikificha wewe."