Saizi ya Nguo, Lebo na Mwili wa Mvaaji: Ufafanuzi kwa Wanunuzi

Malalamiko kuhusu saizi za nguo yamekuwa mengi tangu watu walipozoea kununua nguo mtandaoni bila kuzijaribu, na yanayotufikia sisi tunaoshughulika na viwango vya mavazi hufuata mkondo unaofanana. Mnunuzi ameagiza namba anayoivaa siku zote, mzigo umefika, nguo haimwingii, na mwishoni mwa maelezo yake anauliza kama kosa ni la kiwanda au ni la mwili wake. Sehemu ya kwanza ya swali hilo inapimika, na utaratibu wa kuipima umeelezwa hapa chini. Sehemu ya pili hatukuitarajia katika dawati la viwango, lakini kwa kuwa inaletwa mara nyingi, na wakati mwingine kwa maneno ya kujidharau ambayo msomaji wa barua hawezi kuyapuuza, tumeona tuijibu hadharani.

Hakuna kanuni ya dunia nzima inayomlazimisha mshonaji kuandika namba fulani kwenye nguo ya ukubwa fulani. Gauni ambalo Uingereza huandikwa 10, Marekani huandikwa 6, Ujerumani 36, Ufaransa 38 na Italia 42. Mwanamke anayeingia katika magauni hayo matano ni yule yule, na kiuno chake hakijaongezeka wala kupungua kwa sababu ya kuvuka mpaka. Hata ndani ya nchi moja, viwango vya saizi mara nyingi ni vya hiari, na kila kampuni huwa na jedwali lake. Anayedai kwamba saizi yake ya kweli ni namba fulani, na kwamba muuzaji yeyote mwenye namba tofauti ni mdanganyifu, anadai kitu ambacho hakijawahi kuwepo.

Jitihada za kuweka utaratibu zimefanywa, na historia yake inasaidia kuelewa kwa nini namba zilianza kuyumba. Mwaka 1939 na 1940 Wizara ya Kilimo ya Marekani, katika utafiti ulioongozwa na Ruth O'Brien na William Shelton, ilipima wanawake wanaokaribia 15,000, kila mmoja vipimo 59, na matokeo yakachapishwa mwaka 1941. Waliopimwa walikuwa wa kujitolea, na vipimo vya wanawake wasio weupe viliachwa nje ya hesabu ya mwisho, kwa hiyo tangu mwanzo wastani uliopatikana ulikuwa wastani wa baadhi ya watu. Kiwango kilichojengwa juu ya takwimu hizo kilitolewa mwaka 1958, na ndani yake saizi 8 ilikuwa ya mwanamke mwenye kifua cha inchi 31 na kiuno cha inchi 23.5, yaani takriban sentimita 79 na 60. Kilirekebishwa mwaka 1970 na kuondolewa kabisa mwaka 1983. Tangu hapo makampuni yamekuwa huru zaidi kupanga namba zao, na yaligundua mapema kwamba mteja anayeingia katika namba ndogo hutoka dukani akiwa na furaha na mfuko mkononi. Namba zikashushwa kidogo kidogo, na saizi 8 ya leo ni kubwa kwa inchi kadhaa kuliko ile ya mwaka 1958. Kumbembeleza mteja kwa namba ni mbinu ya mauzo, na huwafanyia kazi vizuri wauzaji kwa sababu wateja wenyewe tunaichukulia namba kama alama ya mtihani.

Herufi nazo hazina uhakika zaidi. Katika kiwango cha Ulaya cha EN 13402, herufi M ya wanawake ilipewa kifua cha kuanzia sentimita 90 hadi 98, na M ya wanaume kuanzia 94 hadi 102. Watu wawili wanaotofautiana kwa sentimita saba wanaweza basi kuvaa herufi ileile, huku mwingine anayemzidi mmoja wao kwa sentimita moja tu akapelekwa kwenye L na kurudi nyumbani amenuna.

Kuna kasoro nyingine ambayo mnunuzi haioni, nayo imo katika ukataji. Kiwanda hutengeneza nguo ya mfano kwa saizi moja, kwa kawaida ya katikati, huivalisha mtu mmoja, kisha vipimo vya kiolezo, yaani karatasi ya kukatia kitambaa, hupandishwa na kushushwa kwa hatua zinazolingana ili kupata saizi nyingine zote. Miili haikui hivyo. Kiuno kikiongezeka kwa sentimita kumi, mabega hayaongezeki kwa uwiano uleule, mikono hairefuki, na umbali wa kutoka bega hadi kiunoni hubaki karibu palepale. Ndiyo sababu blauzi ya saizi kubwa humbana mtu kifuani huku mabega yake yakimwanguka, na suruali ya saizi ndogo sana humkaa kiunoni lakini ikamkaba mapajani. Hispania ilipotangaza mwaka 2008 matokeo ya kupima wanawake zaidi ya 10,000, wataalamu waliwagawa katika maumbo makuu matatu: silinda, kengele na diabolo, yaani wenye kiuno chembamba kati ya kifua na nyonga. Kiolezo kilichokatwa kwa umbo moja kitawakaa vibaya wenye maumbo mengine mawili hata kama sentimita zao za kifua ni zilezile. Anayevaa saizi za pembeni, kubwa au ndogo, huumizwa zaidi na hesabu hii kwa sababu yuko mbali zaidi na mtu aliyevalishwa ile nguo ya kwanza, na pengine ndiye mwepesi zaidi kujilaumu.

Sasa vipimo. Jambo linaloangusha malalamiko mengi kuliko lingine lolote ni kutotofautisha vipimo vya mwili na vipimo vya nguo. Jedwali la muuzaji kwa kawaida hutaja vipimo vya mwili ambao nguo imekusudiwa. Nguo yenyewe huwa pana zaidi ili mtu apumue, akae na kuinua mikono, isipokuwa ile ya kitambaa kinachovutika, ambayo inaweza kuwa nyembamba kuliko mwili na bado ikakaa sawa. Kuilaza blauzi mezani, kuipima na kukuta haifanani na jedwali si ushahidi wa kosa. Tumelieleza hili mara nyingi, na tutaendelea kulieleza.

Pima mwili ukiwa na nguo nyepesi, umesimama wima bila kujikaza, ukitumia futi ya fundi cherehani ambayo haijalegea. Za zamani za kitambaa hurefuka na kudanganya. Kifua hupimwa mahali kilipojaa zaidi, nyonga hupimwa mahali makalio yalipojaa zaidi, na kiuno hupimwa katikati ya ubavu wa chini na mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi kwa kawaida. Futi iwe mlalo pande zote na iguse ngozi bila kuibana. Kuvuta tumbo ndani wakati wa kupima ni kujiagizia nguo ya mtu mwingine. Andika sentimita hizo, zipime upya kila baada ya miezi kadhaa kwa kuwa mwili hubadilika kwa umri, uzazi, ugonjwa na kazi, na uzitumie badala ya namba unayoikumbuka. Kwa suruali kipimo kikuu ni kiuno, kwa shati rasmi la kiume ni shingo, kwa koti ni kifua, na kwa sidiria ni mzunguko wa chini ya matiti pamoja na wa matiti yenyewe. Ukiwa kati ya saizi mbili chukua iliyo kubwa, kisha fundi aipunguze, kwa maana mshono ni rahisi kuupunguza kuliko kuuachia.

Iwapo baada ya hayo bado unaamini nguo hailingani na maelezo yake, lalamiko linapaswa kuambatana na nguo yenyewe ikiwa na lebo zote, risiti, na nakala ya jedwali la saizi kama lilivyoonekana siku ya kununua, kwa sababu majedwali ya mtandaoni hubadilishwa. Picha ya mlalamikaji akiwa ameivaa nguo mbele ya kioo haihitajiki na haina matumizi maabara. Tunaomba kwa heshima zisitumwe. Nguo iliyokatwa lebo haiwezi kushughulikiwa, hata kama mwenye nayo anaeleza kwamba aliikata kwa sababu namba ilimkera. Maabara huiweka nguo katika hewa ya nyuzi joto 20 na unyevu wa asilimia 65, kama kiwango cha ISO 139 (ISO ni shirika la kimataifa la viwango) kinavyoelekeza, hadi kitambaa kitulie, ndipo huilaza bila kuivuta na kuipima katika alama zilizowekwa. Ikiwa dai ni kwamba nguo imesinyaa, hufuliwa na kukaushwa kwa utaratibu wa ISO 6330, hupimwa tena, na badiliko huhesabiwa kwa asilimia kwa mujibu wa ISO 5077. Nguo ambayo mnunuzi aliifua kwa maji ya moto ilhali alama ya beseni kwenye lebo inaonyesha nyuzi 30 humrudia mwenyewe, na lalamiko hufungwa.

Matokeo ya lalamiko lililothibitishwa hutegemea sheria za nchi husika. Kwa ujumla, muuzaji hutakiwa kubadilisha nguo, kurudisha fedha au kusahihisha maelezo, na anayeendelea kutoa maelezo ya kupotosha anaweza kutozwa faini au kuamriwa kuiondoa bidhaa sokoni. Muuzaji ambaye M yake ni ndogo kuliko M ya mshindani wake hajavunja sheria kwa sababu hiyo pekee. Zipo nchi zilizokwenda mbali zaidi: Argentina ilipitisha mwaka 2019 sheria ya mfumo mmoja wa taifa wa saizi unaotokana na vipimo vya wakazi wake, na kiwango cha kimataifa cha ISO 8559 kinaeleza namna vipimo vya mwili vinavyopaswa kuchukuliwa na kuandikwa, ili lebo itaje sentimita za mwili badala ya namba tupu. Mnunuzi akipata lebo ya namna hiyo, aisome.

Picha za matangazo nazo zimeanza kusimamiwa, na hapa adhabu ni nzito. Nchini Ufaransa, tangu tarehe 1 Oktoba 2017, picha ya kibiashara ambayo umbo la mwanamitindo limepunguzwa au kunenepeshwa kwa kompyuta lazima iandikwe kwamba imehaririwa. Asiyetii hutozwa faini ya euro 37,500, inayoweza kufikia asilimia 30 ya gharama ya tangazo. Anayemtumia mwanamitindo asiye na cheti cha daktari cha kuthibitisha kwamba afya yake inamruhusu kufanya kazi hiyo anakabiliwa na kifungo cha hadi miezi sita na faini ya euro 75,000. Israeli ilitangulia kwa sheria ya mwaka 2012, na Norway ilianza kutekeleza ya kwake Julai 2022, ikihusisha umbo, ukubwa na ngozi. Hata bila uhariri wa kompyuta, nguo katika picha ya katalogi mara nyingi imebanwa kwa pini mgongoni ili ikae vile. Mwanamitindo mwenyewe akiivaa bila pini, itampwaya.

Wapo wanaotuomba tuwatajie saizi ya kawaida, au saizi ya afya. Hatuna. Uwiano wa uzito na urefu, ambao mizizi yake ni kazi ya Mbelgiji Adolphe Quetelet katika karne ya 19, ulikusudiwa kueleza makundi ya watu, na hata kipimo hicho hakitumii namba ya nguo popote. Daktari anayehofia mafuta ya tumboni hupima kiuno kwa sentimita. Shirika la Afya Duniani hutaja 80 kwa wanawake na 94 kwa wanaume kuwa mahali ambapo hatari huanza kuongezeka. Daktari hasomi lebo ya suruali. Anayejinyima chakula ili aingie katika gauni la namba fulani anautii uamuzi wa idara ya mauzo, na anayehifadhi kabatini nguo inayombana kama onyo la kila asubuhi angefanya vyema kuigawa. Nguo inayomkaa mtu leo, kwa mwili alio nao leo, humwezesha kutembea, kukaa na kuzungumza mbele za watu bila kuvutavuta pindo, na kwa uzoefu wetu sehemu kubwa ya kile ambacho watu hukiita kujiamini huanzia katika kutoshughulika na nguo.

Yapo hata hivyo mambo ambayo hayamalizwi na futi wala na fundi. Mtu anayetumia saa nyingi kila siku kukagua kasoro ambayo wengine hawaioni, au anayekwepa vioo kabisa, anayebadili nguo mara nyingi hadi anashindwa kutoka, anayeruka milo au kujitapisha baada ya kula, anahitaji mtaalamu wa afya. Hali ya kuzongwa na kasoro ya kufikirika mwilini ilielezwa na daktari wa Kiitalia Enrico Morselli tangu mwaka 1891, inatambuliwa leo kama ugonjwa, huwapata wanaume pia, na tiba ya kisaikolojia inayolenga fikra na tabia imethibitika kuisaidia. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba yuko vizuri tu, au kumtania kuhusu mwili wake ili achangamke, hakumsaidii. Mzazi au mwenzi akiona dalili hizo aanzie kituo cha afya, na nguo iliyozua mgogoro iwekwe kando kwanza. Lalamiko kuhusu nguo hiyo linaweza kusubiri, mradi lebo na risiti zimehifadhiwa. Na iwapo muda wa kuirudisha unakaribia kwisha, mtu mwingine wa nyumbani anaruhusiwa kuiwasilisha kwa niaba yake, akiwa na barua fupi ya idhini.