Kabla ya kumkata shoti mfanyakazi mpya, mfundishe

Wenye vibanda vya uwakala wa miamala ya simu mara nyingi huniita mambo yakishaharibika. Kijana ameanza kazi Jumatatu, kufika Alhamisi ana shoti, yaani upungufu wa pesa kwenye hesabu, ya laki mbili, na bosi ana swali moja: huyu ni mwizi au mzembe? Mimi huanza na la kwangu: alifundishwa na nani, na alifundishwa nini hasa? Jibu huwa nalijua kabla halijatoka. Alikaa nusu siku na dada anayeondoka, akaangalia, kisha akakabidhiwa simu, namba za siri na droo ya pesa.

Kuangalia si kufundishwa. Ukiitazama kazi ya uwakala kutoka pembeni, ni nyepesi mno: mteja anataja kiasi, wakala anabonyeza, pesa inahesabiwa, basi. Kinacholinda mtaji hakionekani, kwa sababu kinafanyika kichwani mwa aliyezoea. Anatupia jicho salio kabla hajatoa noti. Anasoma jina linalotokea kwenye simu. Anaisikia haraka isiyo ya kawaida kwenye sauti ya mteja. Mwenyewe hajui kama anafanya yote hayo, kwa hiyo hawezi kumwambia mgeni. Ndiyo maana mfanyakazi hodari asiyeandaliwa huwa mwalimu mbovu. Anayoyaruka ndiyo yenye thamani.

Njia ninayoitumia kufundisha ni ya zamani. Mwaka 1940 Marekani ilianzisha mpango ulioitwa Training Within Industry, kwa kuwa viwanda vya wakati wa vita vilikuwa vinaingiza watu ambao hawakuwahi kushika mashine. Baada ya vita ukaingia Japani, na Toyota ni miongoni mwa waliouchukua. Hatua zake ni nne: mwandae mwanafunzi, mwonyeshe kazi, mwache aifanye mbele yako, kisha mfuatilie. Wasimamizi walipewa kadi ya kutia mfukoni, na ujumbe wake ulikuwa kwamba kama mfanyakazi hajajifunza, basi mwalimu hajafundisha. Mwenye duka anayetaka kumkata mshahara kijana wa siku nne angeanza na kadi hiyo.

Kabla ya kumwita mwanafunzi, kazi yenyewe ivunjwe vipande kwenye karatasi. Mimi hugawa ukurasa sehemu tatu: hatua, cha kuzingatia, na sababu. Tuchukue kuweka pesa kwenye namba ya mteja. Hatua ya kwanza ni kupokea na kuhesabu noti. Cha kuzingatia: zihesabiwe mbele ya mteja na zibaki juu ya kaunta mpaka muamala ukamilike. Sababu: zikishaingia kwenye droo zimechanganyika, na mteja akisema alitoa laki moja wakati wewe ulihesabu tisini, huna cha kumwonyesha. Hatua inayofuata ni namba. Mteja aiandike mwenyewe kwenye daftari, nawe uisome kwa sauti tarakimu moja moja. Halafu jina. Hapa wengi wanateleza, kwa sababu wakala huuliza, "Ni Juma Hamisi, eeh?" na mtu mwenye haraka huitikia jina lolote. Mfundishe kijana kugeuza swali: "Namba imesajiliwa kwa jina gani?" Mteja akilitaja, yeye analilinganisha na la kwenye simu, ndipo aweke namba ya siri.

Sehemu ya sababu ndiyo mabosi huiona kama kupoteza muda, na mimi siwaachii waifute. Aliyepewa amri tupu ataitii siku yenye wateja wawili, lakini siku foleni imefika barabarani ataitupa. Anayejua kwa nini noti zinabaki kaunta ataziacha pale hata mteja akimfokea.

Unapomwonyesha, onyesha kwanza bila maneno mengi, kisha rudia ukieleza. Baada ya hapo mpishe kiti. Mara ya kwanza afanye wewe ukirekebisha papo hapo. Mara ya pili afanye huku akitaja kila hatua. Mara ya tatu ataje na sababu. Na tafadhali, usimuulize kama ameelewa. Kijana mwenye adabu atamjibu mtu mzima "nimeelewa, mama" hata kama hakushika neno, maana kusema hapana kwake ni utovu wa heshima. Mwambie, "Haya, mimi ndiye mgeni hapa, nifundishe." Hapo utayasikia mapengo yote.

Somo la pili ni hesabu, nalo hulitengea siku nzima. Mgeni akiona floti, yaani pesa iliyo kwenye laini ya uwakala, inashuka hudhani pesa imepotea, na droo ikijaa hudhani kuna faida. Mpe mfano. Asubuhi mna mtaji wa shilingi 2,000,000: floti 1,200,000, keshi 800,000. Mteja anaweka 50,000. Floti inakuwa 1,150,000, keshi 850,000. Anakuja mwingine anatoa 200,000. Floti 1,350,000, keshi 650,000. Jumla bado ni 2,000,000. Kamisheni ihesabiwe pembeni, isichanganywe hapo. Kama kuna laini za mitandao kadhaa, floti zote zijumlishwe pamoja. Akishaona kwamba pande mbili zinapokezana na jumla haibadiliki, mfundishe kufunga hesabu mara tatu kwa siku. Shoti ikigundulika saa saba mchana, daftari lina miamala michache ya kupekua na mteja bado anapatikana. Ikigundulika usiku, mnaanza kulaumiana.

Utapeli usiuhadithie, uigize. Simama upande wa mteja na simu nyingine, mtumie ujumbe wa uongo wa muamala wenye maneno yaleyale ya mtandao wa simu, jifanye una mgonjwa hospitalini, umharakishe atoe pesa. Anachotakiwa kufanya ni kimoja: kuangalia salio la floti kwenye laini ya uwakala. Kama halijaongezeka, hakuna muamala, hata ujumbe ufanane herufi kwa herufi. Siku nyingine mpigie ukijidai ni mtu wa makao makuu unayetaka kuhakiki laini. Namba ya siri haitajwi kwa mpigaji yeyote. Mwambie pia wazi kwamba kumkatalia mteja akiwa na shaka hakutamletea matatizo kwako. Wengi huibiwa kwa kuogopa bosi kuliko kuogopa tapeli.

Sasa hilo la kukata. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, haimruhusu mwajiri kujikatia tu hasara mwisho wa mwezi. Mfanyakazi awe amekubali kwa maandishi. Hasara iwe imetokea akiwa kazini kwa kosa lake. Aandikiwe chanzo chake, kiasi na hesabu ilivyopatikana. Apewe nafasi ya kuipinga. Makato yasizidi hasara halisi, wala robo ya ujira wake wa fedha. Lile neno "kosa lake" lisomwe taratibu. Kijana ambaye hakuonyeshwa namna ya kuhakiki salio, kosa lake utalithibitishaje? Karatasi ya mafunzo yenye tarehe na sahihi zenu wawili inawalinda wote. Iambatane na maelezo ya ajira ambayo sheria hiyo inakutaka umpe kwa maandishi anapoanza: kazi yake, saa zake, ujira wake. Mkifikishana mbele ya sheria nawe huna maandishi, mzigo wa kuthibitisha ni wako.

Siku ya kukaa peke yake isiwe mwisho wa mwezi wala siku ya gulio. Iwe siku tulivu, katikati ya wiki, akiwa na mtaji wa laki tano badala ya milioni mbili, na namba ya mtu mmoja atakayepokea simu akikwama. Pita mchana mfunge hesabu pamoja. Wiki inayofuata pita jioni tu, na mtaji uongezwe kidogo kidogo kadiri hesabu zake zinavyofunga.